Mkono Uliochoka: Mawazo Juu ya Chambo Bandia na Ukimya wa Darasani

Ndugu mwanachuo, huenda ukastaajabu kukuta habari za ndoana na risasi katika jarida la mbinu za kufundishia. Tunaomba uvumilivu wako kwa kurasa chache. Haya tuyaandikayo yalitupata sisi wenyewe mwaka jana, katikati ya kipindi cha mazoezi ya kufundisha, na lau tungeyaacha yapite tungekuwa tumekuficha jambo ambalo una haki ya kulijua juu ya mkufunzi anayekuja kukukagua.

Mjomba wetu, nduguye mama, ni nahodha wa mashua ya injini katika pwani ya Tanga. Amevua tangu utoto wake, kwanza kwa ngalawa ya baba yake, kisha kwa chombo chake mwenyewe. Na kwa miaka kadhaa alikuwa akiwachukua wageni waliotaka kuvua kwa ajili ya mchezo, si kwa ajili ya kitoweo. Mmoja wao alipomaliza likizo yake alimwachia fito mbili fupi za kuvulia, pamoja na vigurudumu vyake vya kukunjia mshipi na mkoba uliojaa vyambo bandia. Mjomba alivitundika vitu hivyo ukutani, navyo vikakaa hapo kama picha. Siku moja ya mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imekwisha kulegea, alituletea salamu kwa kijana wake: “Mwambie Mwalimu, Jumamosi bahari itakuwa shwari. Aweke chaki chini aje.”

Uvuvi wa mchezo si jambo geni katika bahari zetu. Mwandishi Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na hadi leo Malindi, Watamu na Shimoni ni mahali pajulikanapo sana na watu wavuao sulisuli, jodari na nguru kwa ufito. Katika riwaya yake ya mwaka 1952, *The Old Man and the Sea*, Hemingway huyo huyo alimpa mzee wake mshipi wa mkono, usio na ufito wala kigurudumu, unaopita mgongoni na kumchana viganja. Mjomba hajaisoma riwaya hiyo, lakini makovu ya viganja vyake yangeweza kumweleza kila lililomo.

Wavuvi wetu wanajua chambo bandia tangu zamani. Katika kurambaza, chombo hukwenda na mshipi huburutwa nyuma yake, na mwisho wa mshipi pana ndoana iliyofichwa kwa manyoya meupe au kwa vipande vya kitambaa, ili nguru adhani ni kidagaa kinachokimbia. Hapo kazi kubwa hufanywa na upepo. Mvuvi hushika mshipi wake akangoja, na nguvu zake huziweka akiba kwa ajili ya samaki atakapokuja. Vyambo vya mkoba wa yule mgeni ni vya namna nyingine kabisa. Chambo cha namna hii hakina uhai wowote ila ule kipatao kutoka katika mkono wa mvuvi. Mkono ukitulia, nacho ni kipande cha madini tu. Kwa hiyo mvuvi huchoka kabla samaki hajaja, na mara nyingi huchoka bila samaki kuja.

Tuchukue kwanza chambo cha kupiga maji. Ni kipande cha mti au plastiki chenye umbo la samaki, ila uso wake umechimbwa kama kikombe. Mvuvi husimama wima juu ya chombo kinachoyumba, akakirusha mbali kadiri ya meta 50, kisha akakivuta kwa ghafula. Kikombe kile hukamata maji na kuyatupa juu kwa mshindo. Mvuvi hupumzika kidogo, akavuta tena. Kolekole mkubwa wa mwambani, ambaye aweza kuzidi kilo 50, husikia mshindo huo akadhani kwamba wenzake wanakula bila yeye. Chambo chenyewe huweza kuwa na gramu 150, na kila kinapovutwa maji hukizuia. Baada ya kukirusha mara 100 mabega huanza kulalamika, na wavuvi wa kolekole husema wenyewe kwamba siku nyingi hurudi na maumivu tu.

Chambo tulichopewa sisi siku ile kilikuwa cha namna ya pili: samaki wa risasi. Ni kipande kirefu chembamba, kilichopakwa rangi ya fedha, chenye ndoana iliyofungwa upande wa juu kwa uzi mfupi. Chetu kilikuwa na gramu 250. Huachwa kizame hadi chini, kisha mvuvi hubana tako la ufito kwapani, akainua ufito kwa nguvu na wakati huo huo akazungusha kigurudumu mara moja. Huinua tena na kuzungusha tena, bila kukoma, mpaka risasi ifike nusu ya kina au juu kabisa. Hapo huiacha izame upya. Mkono mmoja hufanya kazi ya kupandisha, mwingine kazi ya kuzungusha, na mgongo hubeba yote mawili. Jodari akiona kitu kinachokimbia kwenda juu namna ile hana muda wa kukichunguza, hukishambulia.

Mwalimu haachi kuhesabu hata akiwa baharini. Tulikuwa kwenye ukingo wa mwamba, kina chake pima 40, yaani kadiri ya meta 73. Kigurudumu kilikunja karibu meta moja kwa kila mzunguko. Kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 4 asubuhi tuliishusha risasi mara 25, nayo ikapandishwa mpaka juu mara 25, ambayo ni mivuto 1,825. Ukizidisha kwa gramu 250 utapata kilo 456 na zaidi, nayo ni kama magunia matano ya mahindi ya kilo 90. Hesabu hiyo haikutia uzito wa ufito wala ukinzani wa maji, wala jua. (Tumeitumia baadaye katika somo la Hisabati kama fumbo la kuzidisha, na wanachuo waliifurahia kuliko sisi tulivyoifurahia.)

Tusidhaniwe kwamba tunayadharau mazoezi ya nguvu. Wapo waliofika mbali kwayo. Tarehe 4 Agosti 1953, huko Cabo Blanco, Peru, Mmarekani Alfred Glassell alimtoa kwa ufito samaki mweusi wa jamii ya sulisuli mwenye uzito wa zaidi ya kilo 700. Lakini hata katika kazi kama hiyo, waijuao husema kwamba mikono haimshindi samaki mkubwa. Mvuvi hujifunga mkanda unaopitisha uzito mgongoni na miguuni, huinua ufito polepole kwa mwili mzima, kisha huuinamisha huku akikunja ule mshipi uliolegea. Mshipi hupatikana wakati wa kuinamisha. Anayezungusha kigurudumu wakati samaki anavuta hapati hata dhiraa moja.

Sisi siku ile hatukuyajua hayo. Tulijua jambo moja tu, nalo tulikuwa tumelisoma katika karatasi iliyokuwamo mkobani: chambo hiki hakitaki mkono mzembe. Tukavuta. Shati lililowa, kiganja kikatoka malengelenge, na bega la kuume likawa halikubali kupanda ila kwa kulazimishwa. Mjomba alikuwa amekaa omoni na mshipi wake wa mkono, chubwi moja, ndoana mbili na vipande vya ngisi. Alikwisha kupata changu sita. Hakutusemesha kwa muda mrefu, kisha akanena bila kugeuka:

“Mwalimu, huyo samaki unamwita au unamfukuza?”

Tulimweleza habari ya karatasi.

“Haya,” akasema. “Hata wageni walikuwa wakisema hivyo. Walikuwa wakirudi wamechoka sana.”

Ilipofika saa 4 na kitu hatukuweza tena. Tulifungua kigurudumu tukaiacha risasi iende zake, ufito ukiwa katika mkono wa kushoto, ili tupate kujifuta jasho kwa mkono wa kuume. Risasi ilizama polepole, kwa sababu mshipi haukuwa umekazwa wala kuachwa huru kabisa. Bila shaka ilikuwa ikiyumba huku na huku kama jani. Haikufika chini. Mshipi ulisimama ghafula, kisha ukaanza kwenda upande. Tulipomtoa, baada ya kuhangaika kwingi kusiko na ulazima, alikuwa chewa wa kilo saba hivi. Katika mivuto yote 1,825 hakuja hata samaki mmoja. Huyu alikuja tulipokuwa na kitambaa usoni.

Mjomba alimtazama chewa, akatutazama sisi, akasema: “Huyu si wa kukimbizana. Anakaa pangoni mwake anatazama. Ukipita mbio, anakuona umepita. Ukilegea, anafikiri, halafu anatoka.”

Baadaye tulipata kujua kwamba wavuvi wa Japani wamekwisha kuunda namna nzima ya uvuvi juu ya jambo hilo hilo. Risasi yao imetengenezwa kwa umbo la kuifanya ilale ubavu na kuyumba inapoanguka. Mvuvi huzungusha kigurudumu robo au nusu mzunguko tu, ufito mwembamba ukajikunja na kujinyosha wenyewe ukairusha risasi kidogo, kisha mkono hutulia na risasi huanguka. Ni katika kule kuanguka ndiko samaki wengi wanakoshika. Mvuvi wa namna hii hafanyi kazi ndogo, maana inambidi ausikilize mshipi muda wote, ila kazi yake haionekani kwa mtu aliye kwenye chombo cha pili. Hatusemi kwamba namna ya haraka ni kosa. Palipo na jodari, mwenye kulegeza mkono atarudi mtupu. Kosa letu lilikuwa kutojua ni samaki gani aliyekuwa chini yetu, na kufikiri kwamba jasho letu lilikuwa dalili ya kitu fulani.

Jumatatu iliyofuata hatukuweza kuandika ubaoni juu ya kimo cha bega. Tulimwomba mwenzetu atushikie vipindi, tukakaa ofisini kupanga fomu za ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha. Hapo ndipo tulipoikuta fomu ya mwanachuo mmoja, dada wa makamo kidogo kuliko wenzake, mtulivu, ambaye tulikuwa tumemkagua wiki mbili kabla. Mwandiko ulikuwa wetu: “Mwalimu hana uchangamfu. Anapoteza muda. Sauti ndogo. Aongeze bidii.” Alama tuliyompa ilikuwa ya chini, kama ingerudiwa katika ukaguzi wa pili angelazimika kurudia mazoezi yote.

Tulilikumbuka vema somo lile. Lilikuwa la darasa la nne, Hisabati, juu ya sehemu. Alikuwa amechora machungwa mawili ubaoni, akauliza: “Nikikupa theluthi ya chungwa au robo ya chungwa, ipi ni kubwa? Na kwa nini?” Kisha akanyamaza. Sisi, tuliokaa nyuma na saa mkononi, tuliuona ukimya ule kama shimo katikati ya somo. Watoto walitazama machungwa. Mmoja alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya dawati. Msichana mmoja karibu na dirisha alianza kuinua mkono, ukafika sikioni, ukasimama. Nasi, ambao kazi yetu ilikuwa kutazama na kuandika tu, tukasema kwa sauti kutoka nyuma ya darasa: “Haya, jibuni!”

Darasa zima likajibu kwa pamoja: “Robo!” Walikwisha kujifunza kwamba nne ni kubwa kuliko tatu. Ule mkono wa dirishani ukashuka.

Fomu haikuwa na neno lolote juu ya mkono huo, wala juu yetu. Mwalimu wa sayansi wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo mengi katika miaka ya 1970 akapima muda ambao mwalimu hungoja baada ya kuuliza swali. Kwa wastani walimu walingoja kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kulijibu wenyewe au kumwita mtoto mwingine. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, wale waliosema “sijui” wakapungua, na watoto wenyewe wakaanza kuuliza maswali. Habari hizo sisi tunazifundisha kila mwaka. Tunazo katika maandalio yetu ya somo, tumezipigia mstari kwa wino mwekundu, na mtihani huziuliza.

Tukamwandikia mratibu wa mazoezi kwamba fomu ile ya kwanza ifutwe kwa kuwa mkaguzi aliingilia somo. Alikubali kwa shingo upande. Kisha tukaenda shuleni kwa ukaguzi wa pili, tukitumaini kumkuta mwanachuo wetu kama tulivyomwacha.

Hatukumkuta hivyo. Alikuwa ameusoma ushauri wetu akautii. Alitembea mbele ya darasa toka ukuta hadi ukuta, akapiga meza kwa rula, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. “Theluthi ni kubwa kuliko robo! Semeni!” Watoto wakasema. “Tena!” Wakasema tena. Nusu saa nzima hapakuwa na ukimya hata wa kuvuta pumzi, na somo lilipokwisha alikuwa amelowa jasho kama sisi tulivyolowa juu ya mashua. Mkaguzi yeyote angemsifu. Tuliomba ruhusa ya kuuliza swali moja, tukamwuliza yule msichana wa dirishani: kati ya robo na sehemu ya tano ya chungwa, ipi ni kubwa? Alisimama na kujibu mara moja, kwa sauti kubwa isiyo na shaka: “Sehemu ya tano!”

Tulipotoka nje, mwanachuo wetu aliuliza kwa sauti iliyokauka, “Mwalimu, leo je?”

Si rahisi kumjibu mtu aliyefanya vibaya kwa sababu alikutii. Tulimweleza habari ya mkono ulioshuka, na ya fomu iliyofutwa, na, kwa kuwa hakuacha kututazama, tukamweleza na ya chewa pia. Hakucheka. Alisema kwamba siku ile ya kwanza alimwona yule mtoto akiinua mkono, na alikuwa akimngoja yeye. Tukamwomba basi kwamba kesho yake sisi ndio tufundishe kipindi kile, naye akae nyuma na fomu ya ukaguzi, atukague kwa haki bila kuogopa cheo.

Tulikwenda na machungwa matatu halisi na kisu. Tulikata moja mbele ya watoto sehemu nne, jingine tukaliacha zima, tukauliza kama lingekatwa kwa watu watano, kila mmoja angepata kikubwa kuliko hiki au kidogo kuliko hiki, na kwa nini. Kisha tukanyamaza. Ndugu mwanachuo, tunakuambia kwa yakini kwamba mivuto ile 1,825 ilikuwa myepesi kuliko sekunde zile. Ulimi wenyewe ulitaka kwenda. Tuliishika meza. Mvulana mmoja alipiga chafya, wengine wakacheka, wakanyamaza tena. Mkono wa dirishani ukapanda hadi sikioni, ukasimama hapo, ukapanda.

“Kidogo,” alisema. “Kwa sababu watu wamekuwa wengi.”

Tulifurahi kupita kiasi, tukauliza swali la pili papo hapo, na la tatu, tukaendelea hadi kengele ilipolia.

Mwanachuo alitukabidhi fomu mlangoni, imekunjwa mara mbili. Alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba swali la kwanza mkufunzi alingoja sekunde tisa. Chini yake aliandika kwamba swali la pili hakungoja hata mbili, na kwamba alimkatiza mvulana wa dawati la tatu aliyekuwa amekwisha kufungua mdomo. Tulirudi ndani kumtafuta mvulana huyo, lakini walikuwa wamekwisha kutoka kwenda kuchota maji.